Naomba ushauri: namna ya kupanga vani ili ibebe baiskeli sita bila kuharibika

Swali

Ndugu wanajukwaa, salamu. Nimenunua vani iliyotumika, ambayo zamani ilikuwa ikisambaza vifurushi, na nia yangu ni kuigeuza iwe gari la kubebea baiskeli sita pamoja na vifaa vyake, kwa kuwa karibu kila mwisho wa juma huwapeleka vijana wangu na wenzao mazoezini na mashindanoni. Baiskeli nne ni za barabarani, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na mbili ni za milimani. Hadi sasa tumekuwa tukizilaza moja juu ya nyingine na kutandika mablanketi katikati, na hasara yake tumekwisha kuiona: kibadilisha gia cha nyuma kimoja kimepinda, fremu moja imekwanguka rangi hadi alumini ikaonekana, na diski ya breki ya baiskeli ya mdogo wao imejikunja kiasi cha kulia kila gurudumu linapozunguka.

Nimepima nafasi ya nyuma kwa futi ya chuma. Sakafu ina urefu wa sentimita 257 kutoka mgongo wa viti hadi mlango wa nyuma; upana kutoka ukuta hadi ukuta ni sentimita 170, lakini kati ya nundu za magurudumu upana unabaki sentimita 124 tu. Sakafu ni bati tupu lenye mikunjo, na hakuna ukuta wowote unaotenganisha viti na sehemu ya mzigo.

Ninachotaka kufahamu ni mambo matatu. Je, ni afadhali kuondoa gurudumu la mbele na kuifunga baiskeli kwa foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), au kuziacha zikiwa kamili? Je, plaiwudi ya milimita 12 inatosha kuwa sakafu ambayo vishikio vyote vitafungwa juu yake kwa skrubu? Na je, ukuta wa kutenganisha ni wa lazima, au nitakuwa nimejiongezea uzito bure?

Jibu la kwanza

Ndugu, nimekuwa fundi wa baiskeli wa timu kwa misimu kadhaa na nimekwisha kupanga vani tatu, mbili kati ya hizo vibaya. Kosa nililolifanya katika ile ya kwanza ndilo ninaloliona likinyemelea katika swali lako: nilianza na mbao kabla ya kuanza na baiskeli. Nilikata plaiwudi, nikafunga vishikio kwa umbali sawa kama meno ya kitana, kisha nilipoingiza baiskeli ya nne nikagundua kwamba usukani wake unataka kukaa mahali ambapo usukani wa tatu umekwisha kukaa.

Katika vani, kinachoamua idadi ya baiskeli si magurudumu bali ni usukani. Baiskeli ya barabarani ina usukani wenye upana wa sentimita 40 hadi 44, ilhali usukani wa baiskeli ya milimani ya siku hizi hufika sentimita 74 hadi 80. Ukizipanga zote zikitazama upande mmoja, baiskeli zako sita zinadai zaidi ya sentimita 320 za upana, nawe una 170. Kwa hiyo huna budi kuzipanga kwa kupishana: tatu zitazame viti na tatu zitazame mlango, kila upande ukiwa na ya milimani moja na za barabarani mbili. Hapo jumla ya upana wa usukani kwa kila upande inashuka hadi kama sentimita 162.

Usifurahi mapema, kwa maana hesabu hiyo inasahau nundu. Kati ya nundu una sentimita 124, kwa hiyo nyayo za baiskeli sita zitaachana kwa sentimita 24 hivi, na zile zinazotazama upande mmoja zitaachana kwa 48. Baiskeli mbili za barabarani zinatosheka na umbali huo. Ya milimani yenye usukani wa sentimita 78, ikisimama kando ya ya barabarani, inahitaji sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati, nawe huna. Ukiipeleka pembeni kabisa, ncha ya usukani inagonga ukuta.

Hapa ndipo urefu unapokuja kuukomboa upana. Baiskeli ya barabarani iliyoondolewa gurudumu la mbele, kutoka ncha ya foki hadi mwisho wa tairi la nyuma, ina urefu wa kama sentimita 134, na ya milimani kama 157. Wewe una 257. Basi iweke ya milimani katikati ya safu, foki yake ikaribie viti kabisa, na zile za barabarani zilizo kando yake zirudishwe nyuma kwa sentimita 25 hadi 30, ili usukani mpana upite mbele ya usukani wa jirani zake badala ya kugombana nao. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa mlango. Tandiko la baiskeli inayotazama upande wa pili huenda likaingia katika njia ya usukani; lishushe, na uweke alama ya utepe kwenye nguzo yake ili mwenyewe asihangaike kutafuta kimo chake kabla ya mashindano. (Vijana hugombana na mtu kwa ajili ya milimita tatu za kimo cha tandiko, na wana haki.)

Kuhusu foki, jibu langu kwa nafasi uliyo nayo ni kwamba uondoe magurudumu ya mbele. Unapata nafasi, pua ya baiskeli inashuka hivyo usukani hauguswi na paa, na baiskeli inashikwa mahali palipoumbwa ili pabebe nguvu, si kwenye mabomba membamba ya fremu. Ila kagua ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, kabla ya kununua kishikio hata kimoja. Baiskeli za zamani hutumia ekseli nyembamba inayofunguliwa kwa wenzo, ambayo kishikio chake ni cha milimita 9 kwa upana wa milimita 100. Za barabarani zenye breki za diski mara nyingi hutumia ekseli ya kupenya ya milimita 12 kwa 100. Na za milimani nyingi hutumia ya milimita 15 kwa 110. Vipo vishikio vinavyobadilishwa kwa kuingiza bomba dogo la kipimo tofauti, na kwa familia ambayo vijana wake wanabadilisha baiskeli kila wanapokua, hivyo ndivyo vya kununua.

Kabla ya kutoboa chochote, chora umbo la sakafu ya gari kwa chaki uani, simamisha baiskeli zote sita ndani ya mchoro, na uzisogeze hadi zitulie. Kazi hiyo huchukua alasiri moja na inahitaji watu wa kushikilia.

Jibu la pili

Ndugu aliyetangulia amemaliza suala la mpangilio, nami nitajibu la plaiwudi na la ukuta, kwa sababu kazi yangu ni uundaji wa bodi za magari na haya mawili ndiyo yanayoletwa kwangu yakiwa yameharibika.

Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kuwa sakafu, lakini haitoshi kuwa nanga. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ina uzito. Skrubu ya mbao iliyoshika milimita 12 za plaiwudi huvumilia mtikisiko wa kila siku kwa muda, kisha tundu lake hulegea, na siku ya breki ya ghafla hung'oka. Hata ukipandisha unene hadi milimita 18, ubao wenyewe bado unaelea juu ya bati. Kishikio cha foki, au reli ambayo kishikio kimekaa juu yake, kinapaswa kupitisha nguvu zake hadi kwenye chuma cha gari.

Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mwendo wake hupunguzwa kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito. Baiskeli ya kilo 15 katika sekunde hiyo inasukuma mbele kana kwamba ina kilo 300, na sita zenye wastani wa kilo 12 zinasukuma kama tani 1.4. Hiyo ni ajali. Kwa safari ya kawaida, kiwango cha Ulaya EN 12195-1, kinachotumika kukokotoa ufungaji wa mizigo ya malori, huchukulia kwamba mzigo unaweza kusukuma mbele kwa 0.8 ya uzito wake, na kando au nyuma kwa 0.5. Kwa vani za mizigo kipo kiwango cha ISO 27956, kinachohusu vizuizi na sehemu za kufungia ambazo kiwanda huweka, na ndiyo maana ninakuomba uanze kazi kwa kutafuta pete za kufungia zilizomo sakafuni mwa gari lako. Kwa gari lililokuwa likibeba vifurushi sitarajii zikosekane. Mara nyingi pete yenyewe imeng'olewa na tundu lenye nyuzi za bolti limebaki chini ya vumbi.

Njia ninayoipendelea ni hii: pitisha reli mbili za alumini zikikata gari kwa upana, moja karibu na viti na nyingine karibu na mlango, kila reli ikifungwa kwa bolti za M8 (zenye kipenyo cha milimita 8) kwenye matundu hayo ya kiwanda kadiri yanavyopatikana. Pale utakapolazimika kutoboa tundu jipya, weka chini ya bati kipande cha chuma kipana, si washa ndogo, ili bolti isichane bati kama kidole kinavyochana karatasi. Nati za riveti zinazobanwa kwenye bati jembamba ni nzuri kwa rafu ya pampu na vifungu vya spana. Msizitumie kushikilia baiskeli. Ukitumia zile reli za kufungia mizigo zenye mashimo ya duara, ambazo asili yake ni kwenye ndege, matundu yake huachana kwa milimita 25.4, kwa hiyo kila kishikio unaweza kukisogeza kidogo kidogo hadi mpangilio alioueleza mwenzangu ukubali. Uwezo huo wa kusogeza unastahili zaidi ya urembo wowote, maana baiskeli za mwaka ujao hazitakuwa hizi.

Kabla ya keekee kugusa sakafu, ingia chini ya gari na taa. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya hupita chini ya sakafu ya mzigo, na baadhi hugusana na bati kabisa. Nilipokea gari ambalo mwenyewe alitoboa kutoka juu kwa ujasiri na kusimama sekunde moja baada ya kunusa petroli. Funga kipande cha bomba kwenye ncha ya keekee ili isizame zaidi ya milimita chache, na kila tundu jipya lipakwe rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo zake kabla ya bolti kuingia, kwa sababu kutu ya vani huanzia hapo.

Jaza mikunjo ya bati kwa vipande vya sponji isiyonyonya maji, la sivyo ubao utalia safari nzima. Kingo za plaiwudi zipakwe vanishi mara tatu, pamoja na ndani ya matundu. Uso wa ubao huwa haunywi maji kama kingo zake.

Na ukuta wa kutenganisha: ndiyo, uweke. Hesabu ya tani 1.4 uliyoisoma hapo juu inaelekea kwenye visogo vya watu. Kama hutaki ukuta wa bati kwa sababu ya uzito au kelele, weka wavu wa chuma uliotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yako, ufungwe kwenye nguzo za bodi na si kwenye mapambo ya plastiki.

Jibu la tatu

Nawaheshimu mafundi wote wawili, lakini naomba nitofautiane nao kuhusu magurudumu. Mimi hubeba baiskeli nne za milimani zikiwa kamili, zimesimama ndani ya mifereji ya mbao, kila gurudumu la mbele likiingia kwenye pango linalolibana, na mkanda mmoja ukipita kwenye rimu ya nyuma. Sababu yangu ni breki za mafuta. Gurudumu likiondolewa na mtoto akabonyeza mkono wa breki, pistoni husogea ndani, pedi hukutana, na diski haiingii tena bila kuzitenganisha kwa kifaa bapa. Vilevile kuna gurudumu linalorudishwa kwa haraka na ekseli isiyokazwa sawasawa, jambo ambalo kwa vijana wanaokimbilia mstari wa kuanzia silifanyii mzaha.

Nakiri kwamba gari langu ni Fiat Ducato, ambalo kati ya nundu lina milimita 1,422, na kwamba baiskeli nne si sita.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimefanya kama ndugu wa kwanza alivyoelekeza: nimechora sakafu kwa chaki na kusimamisha baiskeli zote, huku jirani na vijana wakishikilia. Mpangilio wa kupishana unakubali, lakini ilinibidi kuzirudisha baiskeli za barabarani kwa sentimita 33, kwa kuwa mikono ya breki inatokeza mbele ya usukani, jambo ambalo sikulihesabu. Pete za kufungia nimezikuta nane, mbili zikiwa zimejaa kutu kiasi kwamba sitaziamini.

Kwa ndugu wa tatu, hoja yako ya breki imenigusa, lakini mchoro wa chaki umekwisha kuamua; baiskeli kamili zilizoingia zilikuwa nne tu. Ila kumezuka jambo jipya. Mzazi mmoja ameniuliza kama ninaweza kubeba baiskeli yake ya umeme badala ya moja ya zile za milimani, na mara nyingi tutarudi nazo zikiwa zimelowa matope. Je, kuna la kubadilisha?

Jibu la nne

La uzito kwanza. Baiskeli ya umeme huwa na kilo 20 hadi 25, na kishikio cha foki peke yake hakiitoshi. Ongeza mkanda wa rimu ya nyuma unaoshuka hadi kwenye reli. Mkanda uwe wa bizimu ya kubana kwa mkono, si wa racheti (ule unaokazwa kwa wenzo wenye meno), kwa sababu racheti ina nguvu ya kutosha kuponda bomba la fremu ya kaboni bila mkono wako kuhisi chochote. Wala usipitishe mkanda wowote juu ya bomba la juu la fremu, hata kama ni la alumini.

Betri iondolewe kabla ya safari ikiwa ni ya kuondolewa, iwekwe ndani ya boksi lenye sponji lililofungwa sakafuni, vituo vyake vya umeme vikiwa vimefunikwa, mbali na spana na makopo ya mafuta ya mnyororo. Betri hizi za lithiamu kwa kawaida huwa na nishati ya saa-wati 400 hadi 750, na iliyogongwa au kupasuka ganda inaweza kuwaka baadaye, si lazima papo hapo. Kwa hiyo iliyoanguka vibaya isirudi ndani ya gari. Usiichaji garini wakati hakuna mtu, na usiichaji ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0, kwa sababu kuchaji katika baridi hiyo huiharibu kwa ndani.

Matope ni suala la hewa zaidi ya suala la maji. Maji yaliyodondoka yanaonekana na yanafutwa, bali mvuke wa baiskeli sita zilizolowa ndani ya boksi la bati lililofungwa huganda usiku kwenye paa na kudondoka nyuma ya mbao za ukutani, mahali usipopaona. Weka kitundu cha hewa cha paani kinachozunguka kwa upepo, au angalau usizibe yale matundu ya hewa ya kiwanda yaliyo karibu na kona za nyuma, ambayo wengi huyafunika kwa plaiwudi bila kujua kazi yake. Sakafu itandikwe mpira au vinaili kipande kimoja, kingo zake zipande ukutani kwa sentimita chache. Vipande vilivyounganishwa hupitisha maji kwenye maungio, na hapo chini ndipo plaiwudi inapooza. Magurudumu ya mbele yaingie kwenye mifuko na kutundikwa juu ya nundu, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi pekee ndani ya vani yako ambayo hakuna kingine kinachoweza kuitumia. Ila upande wenye diski utazame ukuta, na pasiwe na gurudumu jingine linaloliegemea.

Kwa breki za mafuta, suluhisho la hoja ya ndugu wa tatu ni kipande kidogo cha plastiki kinachoingizwa kati ya pedi mara gurudumu linapotoka. Baiskeli mpya huja navyo na watu huvitupa. Vifunge kwa kamba kwenye kila kishikio, ili baiskeli isiweze kufungwa kabla kipande hakijaonekana.

Mwisho, ukimaliza kazi lipitishe gari kwenye mizani likiwa na kila kitu, pamoja nawe na abiria wako wawili wa mbele, ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Baiskeli ni nyepesi. Plaiwudi, reli, ukuta, boksi la vifaa na tangi la maji ya kuoshea ndivyo vinavyomaliza uwezo wa gari kimyakimya.

Muulizaji

Nimeelewa. Tangi la maji nilikuwa nimepanga la lita 100, nami nimelipunguza hadi 40. Jumamosi ninaingia chini ya gari na taa kabla ya kutoboa, na zile pete mbili zenye kutu nitazipeleka kwa fundi wa bodi azikate na kuchomea mpya. Swali moja tu kwa ndugu wa pili: reli ya upande wa mlango niiweke umbali gani kutoka kizingiti?

Jibu la pili

Sentimita 15 kutoka kizingiti, lakini ipime mlango ukiwa umefungwa na baiskeli ikiwa imesimama kwenye kishikio chake. Mlango wa nyuma huwa na kitasa na mitambo ya kufuli inayotokeza ndani, na hiyo ndiyo itakayogusana na mikono ya breki kabla ya bati. Iwapo sentimita 15 hazitoshi, sogeza reli ndani hadi 25; kwa urefu wako wa 257, hata baiskeli ya milimani ya sentimita 157 haitakosa nafasi.